Sensei: aliyetangulia kuzaliwa, na kwa nini hajiiti hivyo mwenyewe

Sensei ni neno ambalo wengi wetu tumelipokea kupitia karate na filamu, tukalipa maana moja: mwalimu wa mapigano mwenye mkanda mweusi. Maana hiyo si kosa, ila ni kipande kidogo tu. Kule Japani mwalimu wa chekechea ni sensei, daktari wa meno ni sensei, wakili ni sensei, mbunge ni sensei, mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti ni sensei, mchora katuni ni sensei. Nesi si sensei. Kocha wa mpira kwa kawaida si sensei. Seremala bingwa, hata awe amefunza vijana wa mtaa mzima, si sensei. Anayetafsiri kila sensei kwa "mwalimu" atakwama mapema, na anayelichukua kama cheo cha mkanda atakwama mapema zaidi.

Jambo likikaa sawa kichwani mengine yote hufuata: sensei si jina la kazi, ni namna ya kumwita mtu. Jina la kazi ya ualimu lipo, nalo ni kyōshi (教師). Mwalimu kama mtumishi wa shule, katika nyaraka, ni kyōin (教員). Mwalimu mwenye leseni kamili, kwa cheo chake cha kisheria, ni kyōyu (教諭). Ukijaza fomu ya viza au ya benki, pale penye "kazi" unaandika kyōshi au kyōin. Ukiandika sensei, karani atakuelewa lakini atacheka kimoyomoyo, kama angemwona mtu amejaza "Mheshimiwa" kwenye nafasi ya kazi.

Herufi mbili

Neno linaandikwa 先生. Herufi ya kwanza, 先, husomwa sen: mbele, kabla, kutangulia. Ndiyo iliyomo katika senshū (wiki iliyopita), sengetsu (mwezi uliopita), senzo (mababu) na senpai (aliyekutangulia shuleni, kazini au klabuni). Herufi ya pili, 生, hapa husomwa sei: kuzaliwa, kuishi, uhai, na kwa usomaji wake mwingine, nama, hata "mbichi". Imo pia katika gakusei, mwanafunzi. Kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi wake wanachangia herufi moja.

Ukiziunganisha unapata "aliyetangulia kuzaliwa". Sarufi yake ni ya Kichina: kielezi hutangulia, kitenzi hufuata. Maana yake ya asili ni mtu aliyekuzidi umri, basi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mitandaoni zimejaa tafsiri tamu: "aliyeipita njia kabla yako", "aliyeishi kwanza ili akuonyeshe". Zinapendeza kwenye fulana, lakini hazimo katika neno. Hakuna "njia" humo. Njia ni dō (道), ile ya jūdō na ya dōjō (ukumbi wa mazoezi). Hakuna "kufundisha" wala "kujua". Hapo ndipo sensei linapoachana na neno letu mwalimu, lililotoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa elimu. Mwalimu kwa asili ni mwenye kukupa elimu. Sensei kwa asili ni mkubwa wako.

Kwa anayetaka kuziandika, habari njema ni kwamba herufi zote mbili zimo katika zile 80 ambazo mtoto wa Kijapani hufundishwa darasa la kwanza. 先 ina mistari 6, 生 ina 5. Kwa mpangilio wa Kijapani, mistari 4 ya mwanzo ni ileile kwa zote: kamstari kafupi kanakoshuka kushoto, mstari wa kulala, mstari wa kusimama, kisha mstari mwingine wa kulala. Baada ya hapo 生 inafungwa kwa mstari wa tano wa kulala, ulio mrefu kuliko wote, nayo 先 inaota miguu miwili: wa kushoto unaelekea nje, wa kulia unapinda na kumalizikia na ndoano ndogo ya kupanda juu. Wachina huandika 生 kwa mpangilio tofauti, wakilaza mistari miwili ya juu kabla ya kusimamisha ule wa kati. Basi video ya mwalimu wa Kichina isikuchanganye, hakuna aliyekosea. Mfanano wa herufi hizi mbili ni wa bahati tu. Katika maandishi ya kale ya Uchina, 先 ilikuwa mchoro wa unyayo juu ya mtu, yaani aliyetia mguu mbele. 生 ilikuwa chipukizi linalotoka ardhini.

Kutoka kwa wazee wa Uchina

Wajapani hawakulibuni neno hili, walilikuta limeshakomaa. Katika mazungumzo ya Confucius (551–479 KK) yaliyokusanywa na wafuasi wake, kuna mahali anapoulizwa kuhusu kuwaheshimu wazazi. Anajibu kwa kuuliza: je, kazi ikitokea vijana wakaifanya, na chakula na pombe vikipatikana wakubwa wakala, hiyo ndiyo heshima yenyewe? Hao "wakubwa" ni 先生. Hakuna darasa hapo wala mwanafunzi, ni wazee wa nyumbani. Kwingine anamsema kijana mmoja kwa kutembea bega kwa bega na 先生 badala ya kukaa nyuma yao. Hapo pia maana ni wale waliomzidi umri.

Karne zilizofuata, neno likapanuka kwenda kwa msomi anayeheshimiwa. Mencius, mwanafalsafa wa karne ya 4 KK, anapokutana njiani na msomi aliyemzidi umri anamwita 先生 na kumuuliza anakwenda wapi. Ukubwa wa umri umeanza kuwa ukubwa wa elimu, na si vigumu kuona njia: katika jamii ambayo elimu ilichukua miaka mingi kuipata, mwenye kujua mengi mara nyingi alikuwa mwenye mvi.

Huko kwao neno likaendelea kuhama hadi likaishia pengine kabisa. Kwa Kichina cha leo cha Beijing, xiansheng ni "bwana" tu, la kumwita mwanamume yeyote kwa adabu, na mke huweza kulitumia kumtaja mumewe. Mwalimu wa shule huko ni laoshi. Ukimwita xiansheng umemwita bwana fulani, na kama ni mwanamke umemshangaza. Ila maana ya zamani haijafa: wasomi wachache wakubwa, wakiwemo wanawake, huitwa xiansheng kwa heshima ya pekee. Wakorea nao wanalo: seonsaeng, na mwalimu huongezewa nim ya heshima, seonsaengnim. Wavietnamu wana tiên sinh. Neno moja, nchi nne, na ni Japani na Korea tu ndiko lilikobaki kuwa wito wa kila siku wa mwalimu wa shule.

Ile i ya mwisho

Angalia mwisho wa neno katika lugha hizo. Kichina cha Beijing kinaishia na sheng, Kikantoni na saang, Kikorea na saeng, Kivietnamu na sinh. Wote wana sauti ya puani mwishoni, na kwa wengi wao ni ileile ng' ya ng'ombe. Mjapani peke yake ana irabu: sei. Ng' imekwenda wapi?

Kijapani cha kale hakikuwa na silabi inayofungwa kwa ng'. Maneno ya Kichina yalipoingia kwa wingi, masikio ya Wajapani yaliibadilisha sauti hiyo kuwa irabu ya puani, na pua ilipopotea ikabaki irabu tupu. Baada ya e, irabu hiyo ilikuwa i. Kwa hiyo i ya sensei ni kaburi la ng'.

Hata wakati wa mkopo unaweza kukisiwa kwa sauti. Kijapani kina matabaka ya usomaji wa herufi za Kichina. Tabaka la kwanza, go-on, liliingia mapema na lilishikamana sana na Ubuddha; la pili, kan-on, lililetwa na mabalozi na watawa waliokwenda Chang'an, mji mkuu wa enzi ya Tang, kati ya mwaka 630 na 838. Kwa tabaka la kwanza 生 ni shō. Kwa la pili ni sei. Sensei ni kan-on, lugha ya wasomi na ya serikali. Usomaji wa zamani haukupotea kabisa. Kiongozi wa walinzi wa mwana wa mfalme alikuwa na cheo kilichoandikwa kwa herufi hizihizi za 先生 lakini kikasomwa senjō. Minamoto no Yoshikata, shujaa wa karne ya 12, alijulikana kwa cheo hicho. Ukikutana na 先生 katika hadithi za samurai na sentensi ikakataa kueleweka, jaribu senjō kabla hujalaumu kamusi.

Jambo jingine la sauti: silabi inayotamkwa leo se zamani ilitamkwa she. Wamishenari wa Kireno wa karne ya 16 na 17 waliiandika xe, kwa x yao ya sh. Wazee wa Kyushu, kusini mwa Japani, bado husikika wakisema shenshei. Si kigugumizi wala si makosa. Ni matamshi ya zamani yaliyokataa kuondoka.

Neno linaingia darasani

Watu hudhani sensei limekuwa la mwalimu wa shule tangu enzi. Sivyo. Katika zama za Edo (1603–1868) watoto wa kawaida walijifunza kusoma, kuandika na hesabu katika vijishule vilivyoitwa terakoya, na mwalimu wao walimwita shishō (師匠). Sensei lilikuwa zaidi la wasomi wa vitabu vya Kichina na waganga waliosomea tiba ya Kichina. Hapo ndipo ilipo asili ya daktari kuitwa sensei mpaka leo: si kwamba amepandishwa hadhi akalinganishwa na mwalimu. Alikuwamo tangu mwanzo, na mwalimu wa watoto ndiye aliyemfuata.

Mwaka 1872 serikali ya Meiji ilitangaza mfumo wa shule wa taifa zima, na mwaka huohuo chuo cha ualimu kikafunguliwa Tokyo. Chuo cha ualimu kiliitwa shihan gakkō. Mtu wa karate atashtuka hapo, maana shihan (師範) analijua kama bingwa mwenye dan (ngazi za mkanda mweusi) za juu. Ni neno lilelile: mwalimu aliye kielelezo. Shishō likabaki kwenye sanaa za jadi, mpaka leo bingwa wa rakugo (usimulizi wa vichekesho) au wa ngoma za jadi huitwa shishō, na sensei likaingia darasani.

Karate na judo zililipata kupitia darasa hilohilo. Kanō Jigorō (1860–1938), aliyeanzisha judo na kufungua Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882, alikuwa mwalimu kitaaluma na kwa miaka mingi mkuu wa chuo cha juu cha ualimu cha Tokyo. Huko Okinawa, bingwa wa karate Itosu Ankō ndiye aliyeisukuma iingie shuleni mwanzoni mwa karne ya 20, na barua yake ya mwaka 1908 yenye nasaha kumi iliandikwa kutetea jambo hilo. Funakoshi Gichin, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Wanafunzi wao waliwaita sensei kama ambavyo wangemwita mwalimu wa hesabu. Hakukuwa na siri ya samurai ndani yake.

Unaliwekaje katika sentensi

Hufuata jina, halitangulii: Tanaka-sensei. Kwa jina la ukoo, isipokuwa chekechea na vituo vya kulelea watoto, ambako jina la kwanza hutumika sana: Yuki-sensei. Haliangalii jinsia. Haliangalii umri pia, pamoja na asili yake yote: mwalimu wa miaka 22 anaitwa sensei na mwanafunzi wa miaka 60, na anaitwa sensei na mwalimu mwenzake wa miaka 60. Katika chumba cha walimu wote huitana hivyo. Mawakili nao huitana hivyo, hata wanapopingana mahakamani.

Halivai heshima nyingine juu yake. Sensei-san hakuna. Sensei-sama ni kosa, na likisemwa kwa makusudi ni kejeli. Tanaka-kyōju-sensei, yaani "Tanaka profesa sensei", ni kurundika. Kwenye bahasha unaandika jina kisha 先生, bila ile 様 (sama) ya kawaida. Hapa ndipo wanafunzi wanaoomba nafasi za masomo Japani wanapoteleza mara nyingi: wananakili kielelezo cha barua ya kampuni, chenye sama, wakabandika sensei juu yake. Kwa barua pepe ya kwanza kwa profesa, jina lake kamili na 先生 vinatosha. Chuo na idara vitangulie katika mstari wake.

Hutumika badala ya "wewe". Kijapani kina anata, ambalo vitabu vya mwanzo hulitafsiri "wewe", na mwanafunzi Mswahili, aliyezoea kwamba "wewe" inahitaji uangalifu, anashangaa kuambiwa kuwa anata kwa mwalimu ni utovu wa adabu. Unasema: Sensei wa Tōkyō no kata desu ka? Je, sensei ni mwenyeji wa Tokyo? Ndiyo, unamuuliza yeye, uso kwa uso. Na vitenzi vyake vivae heshima: kwa "alikuja", sensei hasemewi kita, lililo kavu, bali irasshaimashita, lenye heshima. Sensei lenye adabu likifuatwa na kitenzi kikavu linachekesha kuliko kutolitumia kabisa.

Kama ni wengi, ni senseigata (先生方). Senseitachi utalisikia, ila gata ndiyo yenye heshima.

Katika ofisi ya kampuni usilitumie kwa bosi. Huyo ana cheo chake: buchō ni mkuu wa idara, shachō ni mkurugenzi wa kampuni. Mkuu wa mafundi seremala ni tōryō. Mlezi wa wanamieleka wa sumo ni oyakata. Padri Mkatoliki ni shinpu-sama. Kwa Kiswahili tumegawana heshima hizi kwa wingi: daktari, mheshimiwa, wakili msomi, ustadh, maalim. Sensei peke yake hubeba mzigo wa nyingi kati ya hizo, kwa hiyo mtafsiri mzuri hufuata mtu, hafuati neno. Mgonjwa akisema sensei wodini, kwa Kiswahili amesema daktari. Mwandishi wa habari akisema sensei bungeni, amesema mheshimiwa.

Penye baba na mwana madaktari katika zahanati moja, mzee huitwa ōsensei, sensei mkubwa, na kijana wakasensei. Wafuasi wa aikido huitumia Ō-sensei kwa mwanzilishi wao, Ueshiba Morihei (1883–1969). Kumbe si cheo cha kimungu. Hata mtaani kipo.

Sasa kanuni iliyo ngumu kuliko zote kwa wageni: hujiiti sensei. Ukijitambulisha unasema Watashi wa kyōshi desu, mimi ni mwalimu. Watashi wa sensei desu ni kujipa heshima ambayo ni ya wengine kukupa. Pana mlango mmoja tu wa kutokea: mwalimu wa watoto wadogo huweza kujitaja sensei mbele yao, kama mama anavyosema "njoo kwa mama". Mbele ya watu wazima mlango huo umefungwa.

Wajapani wenyewe hawalipendi likizidi. Kuna mstari wa mzaha wa zamani, sensei to iwareru hodo no baka de nashi, maana yake takriban: mimi si mpumbavu kiasi cha kuitwa sensei. Unampiga kijembe anayevimba kichwa kwa kuitwa hivyo. Mwaka 2022 bunge la mkoa wa Osaka liliamua wajumbe wake waache kuitwa sensei, kwa hoja kwamba neno hilo linawafanya wajione wako juu ya wananchi. Na kumwita sensei mtu asiye wa kundi hilo, mathalani rafiki anayejifanya mjuzi wa kila kitu, ni dhihaka safi.

Kwenye klabu zetu

Neno halikutufikia kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Tokyo. Lilipita Marekani na Uingereza kwanza, ambako wanajeshi waliokaa Japani na Okinawa baada ya mwaka 1945 walirudi na karate na msamiati wake. Dar es Salaam, karate ya mtindo wa Goju-ryu ilifundishwa kuanzia miaka ya 1970 na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi. Kwa hiyo tulilipokea likiwa tayari na mazoea ya huko: linatangulia jina, Sensei Juma, na limefungwa kwenye daraja, kwamba chini ya dan fulani wewe ni senpai na ukivuka unakuwa sensei.

Kutangulia jina sioni ubaya wake. Kiswahili ndivyo kinavyopanga heshima: Mwalimu Nyerere, Maalim Seif, Bi Kidude. Neno likihamia kwetu lifuate utaratibu wa nyumba. Ukiandika Kijapani, au ukipokea mgeni Mjapani klabuni, geuza: Juma-sensei.

La daraja ni tofauti. Vyama vingi nje ya Japani vina kanuni ya ndani ya nani aitwe sensei, na chama kina haki ya kujiwekea kanuni. Lakini isidaiwe kuwa ni ya Kijapani. Katika lugha yenyewe hakuna dan inayokugeuza sensei. Anayekufundisha ndiye sensei wako, hata awe na shodan (dan ya kwanza) ya jana. Vyeo rasmi vya ufundishaji ni vingine. Katika kendo ya Japani (mchezo wa panga za mianzi) vipo renshi, kyōshi na hanshi, vinavyoanza kuombwa kuanzia dan ya 6, ya 7 na ya 8 kwa mfuatano huo. Kyōshi hiyo (教士) haiandikwi kama kyōshi ya kazi ya ualimu (教師), ingawa sauti ni moja; kwenye vyeti nimeiona ikibadilishwa mara nyingi, na aliyetunukiwa anaishia kuwa mwalimu wa shule kwa maandishi.

Wakati wa kufunga mazoezi, amri hufuatana hivi: seiza (kupiga magoti), mokusō (kufumba macho na kutulia), mokusō yame, shōmen ni rei (kuinamia mbele ya ukumbi), sensei ni rei (kumwinamia sensei), otagai ni rei (kuinamiana). Anayetoa amri ya sensei ni rei ni mwanafunzi mkubwa, si sensei. Klabu nyingi changa zinakosea hapa: mwalimu anaita amri zote mwenyewe na kujiamrishia heshima. Mteue mwanafunzi aliyetangulia wenzake, umfundishe maneno hayo, na tatizo linakwisha. Mkiinama mwanzoni mnasema onegaishimasu. Mwishoni arigatō gozaimashita, kwa njeo iliyopita, kwa kuwa mafunzo yamekwisha kupokewa.

Na si kila mwenye mkanda mweusi ni sensei. Kwenye kung fu ni sifu, neno la Kikantoni. Kwenye taekwondo ni sabeomnim, na sabeom huandikwa kwa herufi zilezile za shihan. Mwalimu wa taekwondo akiitwa sensei atakuvumilia, lakini kumbuka Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945. Si kila mtu atafurahia utani huo.

Matamshi, tahajia na ngeli

Kwa Kijapani neno lina mapigo manne yenye urefu sawa: se-n-se-i. Katika usemi wa kawaida ei hutamkwa e ndefu, kama ya mzee: sensee. Watu wa Osaka na Kyoto huikata kabisa wakasema sense. N haigusi meno: ulimi ubaki chini, hewa ipite puani, kisha s. Sauti hupanda baada ya se ya kwanza na kuporomoka baada ya se ya pili. Kwa bahati, mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho, senSEi, unaangukia palepale panapoporomoka, kwa hiyo Mswahili akilisoma kwa mazoea yake anakuwa karibu na Mtokyo kuliko Mwingereza.

Tahajia ya kuepuka ni sensai. Inatokana na watu wanaoandika wanavyosikia. Kwa Kijapani sensai ni neno kamili: likiandikwa 先妻 ni mke wa zamani. Ukilipaka rangi kwenye ukuta wa klabu, umemkaribisha mke wa zamani wa mtu. Ukilichapa sawasawa kwenye kompyuta, angalia pia herufi zinazopendekezwa: せんせい inaweza kuleta 宣誓 (kiapo) au 専制 (utawala wa kidikteta) kabla ya 先生.

Kwa Kiswahili neno linakaa vizuri na upatanisho wa viumbe hai: sensei wetu amefika, sensei wawili wamefika. Wengi husema masensei, kama madaktari, nami naliona halina kasoro. Sensei yangu, kwa mfano wa rafiki yangu, silipendekezi. Tunasema mwalimu wangu na daktari wangu, basi iwe sensei wangu.

Kwenye cheti cha Kijapani, anayesaini haandiki sensei mbele wala nyuma ya jina lake. Huandika wadhifa alio nao, kama vile 師範 (shihan) au 会長 (mwenyekiti wa chama), kisha jina, kisha anapiga muhuri. Anayepokea huandikwa jina na dan yake. Kama cheti chenu kina mstari uliochapwa "Sahihi ya Sensei", ubadilishwe uwe "Sahihi ya Mwalimu Mkuu" au 師範.